Beringi ya Juu Haijanywa

Jana, nikiwa nimejinyoosha juu ya boksi baada ya ugali wa mchana, niliota karakana yangu imeanza kupanda mlima wa Matamba. Hilo halikunishangaza. Kilichonitisha ni chai yangu, maana ilikuwa imehamia upande mmoja wa kikombe na haikutaka kurudi.

Asubuhi nilikuwa nimeinua springi za gari la wagonjwa analoendesha mdogo wangu Wende, lisigonge mawe. Transfa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, nikaizungusha juu kidogo. Kisha nikatia oili kama mafundi wote tunavyotia: ikianza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia lililo ubavuni, imejaa, funga nati. Saa tisa Wende alikuwa apande Matamba kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Basi nachungulia lile tundu, najikuta ndani. Ni ukumbi wa mikutano. Gia za chini zimekaa, oili inazifika kiunoni, zinapiga soga.

"Karibu, fundi," zinasema. "Hapa kwetu hakuna shida."

"Na huko juu?"

"Huko hatujui. Sisi hatuna shingo."

Ukumbi unainama. Kona ya kwanza. Oili yote inakimbilia ukuta wa nyuma, na mbele, juu kabisa, namwona bibi wa chuma aliyevaa gololi shingoni. Ni beringi ya juu, ile inayoshikilia mhimili uzunguke. Midomo imemkauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alikwambia nimeshiba?"

"Tundu, bibi. Oili ilitoka."

"Ulipozungusha nyumba yangu, tundu lilibaki pale pale?"

Nikageuka. Tundu lenyewe lilikuwa limekaa kando yangu na faili mapajani. Likakohoa.

"Mimi nilishuka vidole viwili," likasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Kona ya tisa. Ukumbi unanuka chuma kilichoungua. Juu ya dari namsikia Wende: "Jikaze mama, tumebakiza kona chache." Kwa nini mgonjwa ameshapakiwa na bado tunapanda, sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

"Bibi, ukishindwa itakuwaje?"

"Nitaganda, na gari litasimama. Yule mama atajifungulia njiani, juu ya mawe, na mvua hiyo inakuja."

Kweli, mvua ikaanza kunyesha ndani ya ukumbi, tena kwa kuinama.

"Nifanye nini?"

"Inua upande wa tundu kwa jeki, ndipo ujaze. Na kama unadhani ni ndoto, nishike."

Namshika. Anawaka.

Niliamka napiga kelele. Wende alikuwa ameshakaa kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Kaka, una nini? Mimi naondoka, mama wa watu ananisubiri."

"Usiwashe!"

"Si ulisema limekwisha?"

"Nilisema. Shuka."

Niliona aibu mbele ya mdogo wangu, lakini hofu ilizidi aibu. Nikaingia chini na jeki, nikainua upande wa tundu, nikafungua nati, nikamimina. Nusu lita ikaingia bila kutoka hata tone. Wende alikuwa amechuchumaa pembeni, anatazama chupa, kisha ananitazama mimi.  Bila hiyo nusu lita, angekwama kona ya tisa.

Gari halikuwa limewashwa tangu asubuhi, na chuma chote kilikuwa baridi. Nilipokuwa nakaza nati ndipo nikahisi kidole gumba kinaniuma. Kilikuwa na malengelenge sita ya mviringo, yamejipanga mstari mmoja, kila moja kama gololi ndogo ya beringi.

"Umeungulia wapi, kaka?" Wende akaniuliza.

Nikamwambia apande taratibu.