Semina ya Kujizuia

Bi Zuwena wa Dunda alikuwa amejizuia na sukari wiki sita. Hata harusini kwa mpwa wake alikaa mbele ya sinia la halua akivuta istighfari mpaka likaondolewa. Daktari alimwambia kipimo cha leo, baada ya semina ya lishe, kikipanda ataanza sindano, na sindano aliiogopa mno.

Bwana Sufiani, afisa aliyetumwa kuwafundisha wenye kisukari, alishika kipaza sauti. "Mama zangu, serikali haiwezi kuwashika mikono. Kila mtu awajibike kwa mdomo wake!"

Saa nne ikaja chai. Ilichemshwa pamoja na sukari humo humo birikani, mgeni asije akadhani amenyimwa. Kando yake palikuwa na maandazi na soda. Bi Zuwena alikwisha meza dawa yake ya kisukari bila kula kitu, na kizunguzungu kilikuwa kimemwanza.

"Mwanangu, hakuna chai isiyo na sukari? Au maji tu?" alimwuliza Bwana Sufiani.

"Bajeti imeandika viburudisho, bibi. Chagua upendacho."

"Chagua basi, shoga," jirani yake Ashatu alimtania. "Andazi au soda?"

Bi Zuwena akapiga bismillahi, akala andazi moja na kunywa nusu kikombe.

Kipimo kikapanda. Bwana Sufiani akatikisa kichwa. "Bibi, nilisema nini asubuhi kuhusu kuwajibika?"

"Mimi niliwajibika kuomba maji, baba. Wa kuyaleta alikuwa nani?"

Bwana Sufiani akameza kipande cha andazi kilichokuwa mdomoni, akaandika kwenye fomu: "Mgonjwa hana nidhamu." Kisha akamwonyesha chumba cha sindano.