Sahihi ya Saumu

Saa saba mchana Saumu anapitiwa na usingizi kwenye dawati la darasa la tatu, wapiga kura wakiburuza ndala mbele yake. Ni wakala wa chama, kazi yake kulinda kura, na asubuhi amefanya kituko: Mwalimu Likwata, msimamizi wa kituo, amewaambia mawakala, jamani, jioni tutakuwa hoi, tusaini fomu ya matokeo sasa hivi, namba nitajaza baadaye, naye Saumu, mwenye mdomo kuliko redio ya kinyozi, akasaini karatasi tupu kama anayesaini kitabu cha wageni. Sasa dawati halipo, iko barabara inayokwenda na kwenda, naye anaitafuta fomu yake kabla haijajazwa, na mbele anatembea mtu wa suti, uso laini kama yai la kuchemsha. Kaka, fomu yangu iko wapi? Iko inapotumika. Inatumika wapi? Pale usipokuwapo. Ala! Nakuuliza la maana unanitegea vitendawili, na hata pua huna!

Barabara inawatema kwenye mji wa theluji, na ukutani matokeo yamebandikwa: mgombea ni mmoja, na bado wameiba. Kura asilimia mia na nne! Chini yake imo sahihi ya Saumu, ile ile yenye mkia mrefu. Anaibandua karatasi, na theluji inageuka mchanga, ila mji ni ule ule na ukuta ni ule ule, na hapa jenerali aliyepindua serikali aliwaomba watu wasubiri kidogo tu anyooshe mambo. Lini hiyo? anauliza Saumu. Mama mmoja anamwambia, mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya hicho kidogo, nimeolewa humo humo, na sasa nina wajukuu. Na nani alimruhusu? Mama anamwonyesha tangazo, na Saumu anauona mkia wa sahihi yake. Mchanga unakuwa vioo, maghorofa yanatazamana, na katika kila kioo baba anamkabidhi mwanawe nchi kama baiskeli ya urithi, watu wanapiga makofi mpaka viganja vinavimba, na waliogoma kupiga wako ndani, hati ya kuwafunga ina mkia ule ule. Nilisaini moja tu! anafoka Saumu. Moja tupu inatosha dunia nzima, anasema asiye na uso. Saumu anaugeukia umati, damu inamchemka, nanyi mmekaa tu mnapiga makofi, hamna haya? Umati unajibu kwa sauti moja, sisi tuliweka tumaini kwako wewe, wakala. Anamvaa yule wa suti, anamkunja shati, nataka kupinga, sasa hivi! Haki yako kabisa, dada, anajibu kwa upole, anatoa kalamu na karatasi nyeupe, saini hapa kwamba umepinga, maneno tutajaza baadaye. Mkono wa Saumu, mjinga huyo, umeshaishika kalamu. Anaitupa. Kwanza tuhesabu! anapiga kelele, na kelele ndiyo inayomwamsha.

Amesimama, darasa zima linamtazama. Binti, unahutubia mkutano? anacheka Mwalimu Likwata. Fomu yangu, Mwalimu, ile niliyosaini asubuhi. Asubuhi ipi? Fomu ndiyo kwanza naitoa kwenye bahasha, na vizuri umeamka, njooni tusaini mapema. Mkude, wakala wa chama kingine, anakunja uso, mbona mimi nakumbuka tulishasaini? Basi mmeota wote wawili, anasema Mwalimu, na kusukuma karatasi mbele. Ni tupu, safi, bila hata nukta. Saumu anaitazama na hajui ameamka kutoka wapi, wala ile fomu ya asubuhi ilikuwa ya wapi. Anaichukua, anaiweka kwenye kiti, anaikalia. Shikamoo, Mwalimu, anasema, nakuheshimu sana, lakini kama hii ni ndoto, basi hata ndotoni tunahesabu kwanza. Mwalimu hacheki tena. Mkude anavuta kiti chake, anakaa ubavuni mwa Saumu.