Betri Isiyo na Soketi

Fundi mitandao alikuwa ameunganishia intaneti nusu ya mtaa, lakini kwake umeme ukikatika naye alibaki gizani kama wenzake. Safari hii hakukuwa na utani. Mkewe alipokea simu za wateja wa kampuni fulani ya mbali kwa kompyuta, akiwa amekaa chumbani, na msimamizi alishamwambia: akipotea hewani mara moja tu tena, asijisumbue kurudi.

Basi fundi akaleta betri kubwa ya kubebwa na watu wawili, yenye soketi nne. Kompyuta ilikuwa na chaji yake. Wa kulishwa walikuwa ruta na kile kisanduku cha ukutani kinacholeta intaneti, ambavyo kwa pamoja havili umeme wa maana. Ilikuwa kama kukodi lori libebe kiberiti.

Umeme ukakatika siku ambayo mkewe, kwa bahati, hakuwa na zamu. Mama mkwe akachomeka feni. Shemeji, ambaye ni kinyozi, akaja na mashine pamoja na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Jirani akaleta simu tatu, na moja haikuwa hata yake.

"Mama, hii ni ya kazi ya binti yako," fundi alisema.

"Kwani huyo binti nilimwokota? Nife na joto kwenye nyumba yenye umeme?"

"Shem, namalizia tu," kinyozi akadakia. "Huyu atapitaje barabarani hivi?"

Mteja akageuza ule upande wa aibu. Jua halijazama, betri ikawa imekata roho.

Kesho yake aliirudisha dukani, mgongo ukimuuma.

"Nikupe kubwa zaidi?" muuzaji akauliza.

"Kubwa zaidi italeta mtaa wa pili, kaka. Nipe hiyo ndogo."

Ilikuwa bapa, saizi ya tofali, na waya mbili nyembamba zenye ncha za duara. Fundi alikuwa ameshasoma maandishi nyuma ya ruta na kisanduku: vyote volti kumi na mbili, sawa na betri.

"Lakini hii haichaji hata simu," muuzaji akamwonya.

"Ndiyo maana naitaka."

Umeme ulipokatika tena, mkewe alikuwa katikati ya simu. Taa za ruta hazikupepesa. Mama mkwe akaingia na feni kwapani, kinyozi nyuma yake. Wakaipapasa betri kila upande.

"Mkwe wangu, umeuziwa jiwe."

"Shem, hata tundu moja? Hata la siri?"

Mke akainua mkono wanyamaze. Jasho lilimchuruzika shingoni. "Naelewa kabisa, samahani kwa usumbufu," alikuwa akisema, na kwenye visikizio vya masikioni mwake sauti ya mteja ilisikika ikifoka.

Mama mkwe akaketi ukingoni mwa kitanda. "Anamfokea mwanangu kwa betri yetu?" akanong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Na haizimiki?"

"Haizimiki mpaka zamu iishe."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Akachukua mfuniko wa boksi la betri, akaanza kumpepea binti yake taratibu, huku yule mtu akiendelea kufoka bila kukatika.