Upande wa Pili wa Kichwa

Kwao walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hata asubuhi hiyo, akiwa njiani kwenda saluni, aligeuka kuhakikisha amefunga mlango, akatembea kidogo, akageuka tena kununua chupa ya maji. Aliisukumiza chini kabisa ya mkoba, akaifunika kwa mtandio.

Maji hayo hayakutakiwa kuwepo. Mkufunzi alikuwa amelisema hilo darasani mpaka chaki ikamkatikia mkononi. Tiba waliyokuwa wakijifunza, tiba ya fikra na mwenendo, aliichora ubaoni kama duara: wazo linazaa hofu, hofu inazaa kitendo, kitendo kinarudi kulinenepesha wazo.

"Mtu anaogopa kuanguka," alisema, "basi anatembea na gongo. Haanguki. Ukimuuliza nani kamwokoa, atasema gongo! Miguu yake ni mizima lakini hatajua. Kazi yenu ni kumfanya aliweke chini aone mwenyewe. Na msimbembeleze. Ukimwambia 'usijali, hutakufa', umempa gongo jingine, la maneno."

Kwenye nadharia Kiherehere aliwaacha wenzake mbali. Sasa ilikuwa zamu ya vitendo.

Mteja wake wa kwanza alikuwa msusi, dada wa vidole vyepesi. Siku moja, akiwa katikati ya kichwa cha bibi harusi, moyo ulimwenda mbio, kifua kikabana, akaamini anakata roho. Hospitali walimpima wakasema moyo ni mzima. Tangu hapo hakushika kitana bila chupa ya maji pembeni na mlango karibu. Mwishowe akaacha kabisa kwenda kazini. Saluni ilikuwa ya shangazi yake, na shangazi alikuwa amechoka kungoja.

"Nakupenda, mwanangu," alimwambia, "ila kiti hakisuki chenyewe. Usiporudi wiki hii nampa mwingine."

Basi wakapanga jaribio. Msusi atasuka kichwa kizima, saa ya wateja wengi, kwenye kiti cha ndani kabisa, bila maji. Utabiri wake aliutoa bila kusita: "Nitazimia kabla sijafika kisogoni." Kichwa cha kusukwa kilikuwa cha Kiherehere mwenyewe, maana wateja wengine walisikia habari wakakumbuka wana shughuli.

"Kaa vizuri, daktari," msusi alisema.

"Sijawa daktari, dada. Ni mwanafunzi."

"Ee Mungu. Nimeangukia mikononi mwa mwanafunzi."

Mashine za kukaushia nywele zilinguruma. Hewa ilinuka mafuta yaliyoungua. Msusi alizigawa nywele katikati, akaanza upande wa kushoto, na Kiherehere alihisi vidole vikiwa baridi juu ya ngozi ya kichwa.

"Hofu iko ngapi, sifuri mpaka kumi?"

"Sita."

Mistari ikaanza kutokea, myembamba, iliyonyooka. Kisha vidole vikaanza kutetemeka.

"Nane. Inapanda, wewe, inapanda." Pumzi za msusi zilimpiga sikioni, fupifupi. "Nakufa. Maji. Mdogo wangu, tafadhali, maji!"

Kiherehere alijua cha kufanya. Alikuwa amekieleza kwenye mtihani kwa mwandiko mzuri. Lakini mkono wake ulikuwa umeshazama mkobani.

Msusi alikunywa mpaka nusu. Pumzi ikarudi, mabega yakashuka, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Unaona? Si nilikwambia? Bila haya maji sasa hivi mngekuwa mnanifunika shuka." Akamkumbatia. "Asante, mwanafunzi. Wewe ndiye daktari wa kweli."

Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Kwenye kioo alijiona: nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa na umeme. Wazo lile alikuwa amelinenepesha mwenyewe, tena kwa maji aliyoyanunua. Angeweza kunyamaza. Angeweza kwenda kusema kwa Mkufunzi kwamba mteja amemudu vizuri. Mguu wake ulichezacheza chini ya shuka ya saluni, ukakataa kutulia.

"Dada, haya maji sikukubebea wewe."

"Ulimbebea nani?"

"Nilijibebea mimi. Niliogopa, ukianguka mbele ya watu wote hawa nitafanya nini. Nimesoma yote, na sikuamini hata neno moja."

Kicheko cha msusi kikakatika. "Kwa hiyo hata wewe ulijua nitazimia."

"Sijui! Wewe hujui, mimi sijui. Umekunywa kabla hatujaona."

"Nyie!" shangazi aliita kutoka upande wa pili. "Mnasuka au mnapelelezana?"

Msusi aliutazama mlango. Kitana kilikuwa hewani. Halafu akaichukua ile chupa, akamimina maji yote yaliyobaki kwenye kichupa cha kulowanishia nywele, akampulizia Kiherehere kichwani na usoni bila huruma.

"Geuza kichwa. Upande wa pili."

Safari hii hofu ilianzia saba. Ikaruka hadi tisa. Vidole vilivuta nywele mpaka nyusi za Kiherehere zikapanda. Mdomo wake ulijaa maneno matamu, *usiogope dada, niko hapa*, akayauma.

"Tisa na nusu! Sema kitu!"

"Ngapi sasa?"

"Nimekwambia tisa na nusu, kiziwi wewe!"

Msusi aliacha kusuka. Alishika mabega ya Kiherehere kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akangoja kuanguka. Mama mmoja chini ya mashine alipiga chafya. Mtu akauliza bei ya rasta. Msusi akaendelea kungoja.

"Bado nimesimama," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Ngapi?"

"Tisa. Nane. Hata sielewi... saba."

Vidole vikarudi kazini. Vikafika kisogoni, vikapita.

Shangazi alikuja kukagua, akamgeuza Kiherehere kidevu huku na huku. "Kushoto sawa. Na huku kulia, umesuka wewe au amesuka paka?"

"Nimesuka mimi, shangazi."

"Haya. Kesho uwahi. Ufagie nywele zako kwanza."

Shangazi alipoondoka, msusi aliinama sikioni. "Na wewe, mwanafunzi? Uko ngapi?"

Kiherehere alimfikiria Mkufunzi, ambaye mchana huo ilibidi amweleze habari ya chupa. Mkono ulikuwa unapapasa mkobani kutafuta maji, hamna kitu.

"Nane," alisema.

"Kaa hapo hapo," msusi alimwambia, akiukaza msuko wa mwisho. "Tuone kama utazimia."