Benchi la Mzee Sheikhan

Alfajiri ile Severine, seremala kijana, alilitua benchi lake mbele ya mlango wa Mzee Sheikhan, Mtaa wa Kongo, akaondoka akipiga mluzi. Mzee, Mwarabu muuza tende, alikuwa bado amelala.

Ahadi yao ilikuwa fupi. "Nitengenezee benchi la barazani," mzee alimwambia. "Likinipendeza, ukumbi wa pembeni mwa duka ni wako, weka useremala wako. Lisiponipendeza, panda gari moshi urudi kwenu Kilema ukapalilie migomba. Ila sikiliza: la zamani lilioza kwa maji ya mvua. Hili maji yasituame juu yake."

Kijana akafanya kweli. Alipasua mvule kwa msumeno wa mkono, akapiga randa mpaka nzi akitua anateleza, akaunga kwa ndimi na matundu ya patasi, msumari hata mmoja asitie. Juu akapanga mbao nyembamba zenye nafasi ya kidole, maji yapite. Hakutosheka. Miguu ya upande mmoja akaipunguza kidogo ili maji yateremke yenyewe. Na kwa kuwa mzee hupenda kujinyoosha baada ya chakula, akaliachia urefu wa mtu aliyelala chali.

Asubuhi ile aliporudi kutoka kunywa uji, akakuta mtaa umejaa wanaume waliokaa chini, kimya, kofia zimeinama. Muhiddin muuza kahawa, ambaye hajapata kumpita Severine bila kumtania, alimimina kahawa bila kugonganisha vikombe.

"Kuna nini, Muhiddin?"

"Mzee Sheikhan katutoka."

"Si jana tu nimeongea naye?"

"Izraili naye alikuwa na maongezi yake."

"Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa. Nina macho." Muhiddin akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni. "Kitanda cha kuoshea maiti hakiwekwi pale kwa urembo. Tena kizuri, sijaona mfano wake. Nafasi za maji, mwinamo wa miguuni, kila kitu. Tunangoja wenyewe wafungue."

Severine akalitazama benchi lake, na benchi likamtazama. Kwao Kilema hakuwahi kuona maiti akioshwa kitandani.

"Muhiddin," akanong'ona, "lile ni benchi."

"La nini?"

"La kukalia."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka, Mzee Sheikhan akatoka na kikoi chake, mswaki mdomoni.

Mmoja alianza Innalillahi, ikamkwama katikati. Muhiddin akaendelea kumimina kahawa, ikamwagika yote juu ya mguu wake, asihisi.

"Salaam alekum," mzee akasema. "Kafa nani?"

Macho yote yakaenda kwenye benchi. Mzee akaligeukia. Akaingiza kidole kwenye nafasi moja, akalizunguka taratibu, mswaki ukamdondoka. Kisha, mbele ya mtaa mzima, akapanda akalala chali, mikono ubavuni. Watu wazima wakafumba macho kama watoto.

"Limenienea," akasema akitazama mbingu. "Fundi."

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Umenipima lini?"

Severine aliuona ukumbi ukimpungia mkono wa kwaheri, na Kilema ikimwita kwa jina.

Mzee akainua kichwa, akatembeza macho juu ya waliokaa, uso kwa uso, mpaka wa mwisho.

"Shemeji yangu Azzan simwoni."

Vichwa vikageuka kumtafuta.

"Anakaa nyumba ya tatu tu hapo, na mazishini kwangu hakuja." Akaketi. "Fundi, leta msumeno. Lifupishe hapa," akagusa magoti yake, "na miguu yake uilinganishe. Wakae watu watatu, asilale hata mmoja."

"Na... na ukumbi, Bwana?"

"Anza kuufagia. Bila wewe, moyo wa Azzan ningeujulia wapi?"

Tangu siku hiyo, mteja akiagiza chochote kirefu, Severine humwuliza kwanza: cha aliye hai?