Mti Usiofaa Kuni

Jumapili ile Irakoze alikuja nyumbani kutoka Columbus, alikofanya kazi, na chupa ndogo ya mafuta. Alimkabidhi mama yake kwa mikono miwili mbele ya wageni, na Agata akaipokea kwa mikono miwili vilevile, kama inavyopasa. Chupa yenyewe haikuzidi ile ya dawa ya kikohozi. Mafuta yaliyokuwa ndani yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa, na ukiyanusa hayakunuka kitu. Irakoze alisema yametokana na mbegu za mbono zilizochumwa Kigoma, kwenye ardhi ya kambi yao ya zamani ya wakimbizi, na kwamba ndege inaweza kuruka kwa mafuta hayo.

Wageni walikuwa watu wa kanisa, Warundi wa mtaa wa Iroquois. Wote walikuwa wamepita kambini, huyu kambi hii, yule kambi ile, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mzee mmoja alisema mbono anazijua sana, alizungushia nyumba yake kuzuia mbuzi, wala hakuwahi kuziona zikiruka. Watu wakacheka, na Agata akacheka kuliko wote. Alikuwa amepika maharage na ndizi na dagaa wa Tanganyika, dagaa ambao hapa Louisville unawanunua kwa bei ya nyama. Binti yake alikuwa na kazi ya maabara, wakati mabinti wa wenzake walikuwa wakifunga maboksi ghalani bega kwa bega na mama zao. Ukimnyima mama kujidai siku kama hiyo, utampa siku gani?

Irakoze alieleza kazi yake kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akichomeka Kiingereza pale kilipomwishia. Kampuni ilitaka mmea usioliwa, unaoota kwenye ardhi isiyolimwa na mtu, katika nchi maskini yenye kuhitaji ajira. Mbegu zingekamuliwa mafuta ya ndege, na makapi yangetoa kemikali za kutengenezea rangi na gundi, vitu ambavyo leo hutoka kwenye petroli. Kambi ilipofungwa, ardhi ilirudi serikalini na kuota nyasi, na kwa watu wa kampuni ardhi yenye nyasi ni ardhi tupu. Hawakumuuliza mtu. Nani aulize nyasi?

Shida ilikuwa mbegu bora, kwa sababu mbono nyingi huzaa mwaka huu na mwaka unaofuata zikagoma. Ndipo wakarusha kamera angani kuangalia eneo, na Irakoze mwenyewe, kwenye kiti chake kule Columbus, akagundua kitu kwenye picha. Alifungua kompyuta mezani, akasogeza sahani ya ndizi, akamwonyesha mama yake. Kwenye mteremko nyuma ya hospitali ya kambi palikuwa na mbono nyingi, nzee, nene, zimejaa matunda bila kumwagiliwa na mtu kwa miaka. Kampuni ilikuwa imemaliza kukata vipandikizi. Wiki hiyo tingatinga lingesafisha mteremko wote ili pawe mahali pa kuoteshea miche.

"Zimekaa kwa mistari kabisa, Mama," alisema Irakoze. "Mtu alizipanda halafu akaenda zake."

Agata aliitazama mistari ile, akalirudisha tonge kwenye sahani.

Kabla ya Irakoze kulikuwa na Dezire. Alikuwa na miaka miwili alipokufa kwa malaria, katikati ya masika, baba yake Liberati akiwa Kasulu analima mashamba ya watu ili wapate cha kuongezea kwenye mgao wa chakula. Jirani yao Mukabutera, mkunga, ndiye aliyemwosha mtoto na kumshusha kaburini. Wakaweka msalaba wa mbao. Wiki haikwisha, msalaba ukaibwa, kwa sababu kuni hazikuwepo, na wanawake waliotoka nje ya kambi kutafuta kuni walikuwa wakirudi wamepigwa, au wamefanyiwa yale ambayo hakuna aliyeyataja. Kwa hiyo watu walipikia misalaba. Agata hakuweza hata kumlaani mwizi, maana yeye mwenyewe aliwahi kuchemsha maharage kwa vipande vya mbao alivyouziwa sokoni na hakuuliza vilikotoka.

Mukabutera ndiye aliyepata akili ya mbono. Alikata fimbo, akaichomeka upande wa kichwa cha mtoto, ikashika. Mbuzi haigusi. Ukiitia jikoni inakupa moshi mtupu, sufuria haichemki, basi hakuna wa kuiiba. Wamama wengine wakamwiga, kaburi baada ya kaburi, na kwa kuwa makaburi ya kambini yalichimbwa kwa mistari, mbono nazo zikaota kwa mistari.

Matanga ya Dezire hayakuondolewa. Mukabutera alisema siku ya kuyaondoa angeipanga yeye, kwa sababu ni yeye aliyemwosha, na kwamba hadi siku hiyo jina la marehemu lisitamkwe mbele ya mtoto atakayemfuata. Irakoze akazaliwa. Ikaja safari ya Marekani, Mukabutera akapelekwa Buffalo, wao wakaletwa Louisville, na siku ile haikupangwa. Aliyekuwa akiitwa Mama Dezire akawa Mama Irakoze kwa kila mtu. Miaka yote hiyo Agata hakulivunja agizo, hata alipokuwa peke yake.

Sasa aliinua macho akamtazama Liberati. Naye alikuwa ameiona picha. Aliinuka, akasema anakwenda kutazama chai, na Agata akamfuata jikoni. Liberati alikuwa amesimama mbele ya jiko ambalo halikuwashwa.

"Mwache afurahi leo," alisema. "Leo tu."

Na Agata akamwacha. Hakunyamaza kwa woga wala kwa ujinga. Alinyamaza kwa sababu sebuleni watu walikuwa wakimpigia binti yake makofi, na kwa sababu aliona haifai binti ajue ana kaka kupitia picha ya kompyuta, kati ya sahani, bila yule mwenye haki ya kusema kuwepo. Ukimuuliza Mrundi yeyote wa rika lake atakwambia alifanya sawa. Tingatinga halikumuuliza Mrundi yeyote.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ghalani, alimpigia simu Mukabutera. Mkongwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo hili halisemwi kwenye simu. Nileteeni mtoto, alisema, nitamwambia mwenyewe, na matanga tutayaondoa hapahapa. Agata aliomba ruhusa ya Ijumaa akanyimwa. Ikawa Jumamosi.

Walitoka Louisville alfajiri, Liberati akiendesha, na walipofika Columbus walimkuta Irakoze ameshajiandaa. Aliambiwa kwamba bibi wa Buffalo ni mgonjwa na anataka kumwona. Alisisitiza wapite kwanza kazini kwake, ni karibu tu, awaonyeshe. Aliwapitisha kati ya matangi ya chuma na chupa zilizopangwa rafuni, na zote zilikuwa na karatasi yenye namba ya mteremko ule. Mbegu za mteremko ule, alisema, zinatoa mafuta kuliko zote walizowahi kupima. Agata alikuwa amebeba chupa yake mkobani na hakujua kwa nini ameibeba. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya pili Liberati alimgusa kiwiko, akaufunga.

Buffalo kulikuwa na mvua ya baridi. Mukabutera alikaa mtaa wa Lower West Side, ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye joto kupita kiasi. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mzee tu. Alimketisha Irakoze karibu yake, akamshika mkono, kisha akamgeukia Agata.

"Mama Dezire, kaa hapa."

Irakoze alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, halafu akauliza Dezire ni nani. Mukabutera akamwambia. Alimwambia yote kwa utaratibu: homa, maji ya kuoshea aliyoyaomba kwa jirani, msalaba, kuni, mbono. Hakumlaumu kwa lolote. Alipofika kwenye mistari, Irakoze aliuchomoa mkono wake akachukua simu.

Kule Kigoma ilikuwa usiku umeshaingia, lakini Rugaba, msimamizi wa shamba, alipokea mara moja kwa heshima. Sauti yake ilisikika chumba kizima. Alisema kazi ya mteremko ilimalizika Alhamisi, udongo ulikuwa laini, hawakupata taabu. Irakoze aliuliza kama walikuta kitu chochote. Rugaba akasema dereva wa tingatinga alisimama mara kadhaa kwa sababu ya mifupa, na mingine ilikuwa midogo. Yeye alitoa taarifa Columbus. Akajibiwa kwamba eneo limeshathibitishwa kuwa tupu, aendelee.

"Tulidhani ni ya wakati wa vita, dada," alisema. "Tuliisukumia yote kwenye mtaro, tukafukia."

Liberati alitoka nje kwenye mvua bila koti. Yeye hakumzika mwanawe, na sasa hata pa kwenda kusimama hapakuwepo. Agata alibaki pale alipoketi. Alikuwa na siku nne. Angesema Jumapili mezani, au Jumatatu kwa hiyohiyo simu, mteremko ungekuwa umepona. Jambo hilo lilimwingia likakaa, na alijua halitatoka.

Irakoze alitafuta kitu cha kumpa mama yake, chochote, akakipata.

"Mama, miti yenyewe haijafa. Tulikata vipandikizi kwanza. Vimeota, viko kitaluni, ni maelfu."

"Wake ni upi?"

Vilichanganywa vyote, vikachaguliwa vyenye nguvu, vingine vikatupwa. Mwaka ujao vingepandwa wilaya nzima.

Mukabutera alisema matanga yataondolewa hivyohivyo, na palihitajika taa. Agata alifungua mkoba kutafuta leso, na mkongwe akaiona ile chupa. Aliuliza ni nini. Alipoambiwa ni mafuta ya mteremko ule, alisema basi yamiminwe kwenye kisahani, yawekwe utambi wa pamba, mtoto apate mwanga wake.

"Hapana," alisema Agata. "Tuliupanda mti huo kwa sababu hauwaki."

Irakoze alijifunika uso kwa mikono yote miwili, yeye aliyejua kuliko wote namna unavyowaka.

Wakawasha mshumaa wa dukani, wakasali. Agata akalitamka jina la mwanawe kwa sauti, akalirudia, na likawa gumu mdomoni. Jioni ilipokaribia wakaanza safari ya kurudi. Walipofika Columbus Irakoze alishuka na kusimama kando ya mlango wa gari akingoja kuambiwa neno, mpaka gari likaondoka. Toka hapo mpaka Louisville Agata alikaa kiti cha nyuma peke yake. Chupa alikuwa ameifunga kwenye kitenge, asije akaimwaga barabarani, akaipakata kama mtoto.