Vifo Vitatu vya Papa Alphonse

Papa Alphonse alifariki tarehe tano Februari, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Emérence, binti yake, hakuhitaji mashine kumkumbusha. Mashine ilimkumbusha hata hivyo, tena vibaya.

Binamu yake Guy, fundi wa kompyuta anayesifika Bukavu nzima, hasa na yeye mwenyewe, aliitengenezea familia tovuti. Unaandika maneno na tarehe kwenye faili, programu inaligeuza kuwa ukurasa. Emérence aliandika habari za baba yake, akaweka 05/02 kama alivyofundishwa shuleni, siku kwanza, mwezi baadaye. Ukurasa ukatangaza kwamba Papa Alphonse alifariki tarehe mbili Mei.

Emérence angenyamaza, lakini mwaka ulikuwa unatimia na misa ya kumaliza matanga ilikuwa mlangoni. Shangazi Bintu, dada wa marehemu, ndiye wa kumvua kitambaa cheusi alichokivaa tangu msiba. Bila yeye hakivuliwi. Shangazi akapiga simu kutoka kisiwa cha Idjwi.

"Mutoto wangu, tutakuja mwezi wa tano."

"Shangazi, si ulikuwa hapa tukimuzika?"

"Nilikuwa. Mimi nilijua ni Februari. Lakini telefone inasema Mei, labda ni uzee."

Emérence akamwendea Guy.

"Programu ni ya Waamerika, dada. Kwao mwezi unatangulia."

"Papa hakufika hata Kinshasa. Leo unamufanya afe Kiamerika?"

"Basi andika mwezi kwa herufi."

Akaandika "5 février". Programu, msomi mkubwa, haikujua Kifaransa, na tarehe yoyote isiyoielewa iliigeuza kuwa ya leo. Tangu hapo, kila Guy alipobadilisha rangi za tovuti, na alizipenda sana rangi, programu iliutengeneza ukurasa tena kwa tarehe ya siku hiyo, na Papa Alphonse alikufa upya. Tonton Gérard, mjomba wa familia aliyeko Ubelgiji, alituma pole kila mara, kana kwamba ndiyo ya kwanza.

"Guy, mimi nilimuzika mara moja. Wewe utamaliza lini?" Emérence akamuuliza.

Guy hakucheka. Alikaa mezani kwake mpaka programu ikakubali siku itangulie, ikajifunza miezi ya Kifaransa, na tarehe isiyoielewa ikaikataa waziwazi badala ya kubuni.

Shangazi Bintu akasomewa ukurasa mpya.

"Kumbe sijazeeka," alisema.

Misa ni tarehe tano Februari. Mashua ya Idjwi inafika tarehe nne, na Shangazi atalala kwa Emérence.